Webley ya zamani iliyokarabatiwa au Baikal ya juu na chini? Naomba ushauri kabla ya Jumamosi

Mlengaji_Lanet
Hamjambo wenzangu. Kuna familia huku Njoro inauza bunduki ya marehemu baba yao, Webley & Scott ya mitutu miwili ubavu kwa ubavu, geji 12 (ndicho kipimo cha upana wa mtutu). Imekarabatiwa: mitutu imetiwa weusi upya, kitako kimepakwa mafuta mpaka unajiona sura. Nimeishika mara moja tu na usingizi umenitoka. Upande mwingine kuna jamaa wa Kisumu mwenye Baikal ya mitutu juu na chini, si nzee sana, na bei yake ni karibu nusu ya ile. Shughuli yangu ni kulenga sahani za udongo zinazorushwa hewani tu. Mambo ya uwindaji yalipigwa marufuku 1977 na mimi hata sikuwa nimezaliwa. Nichukue ipi? Jumamosi wanataka jibu.

Mzee_wa_Rongai
Kijana, umeuliza kama mtu anayeuliza ng'ombe anunuliwe au asinunuliwe bila kusema ana maziwa kiasi gani. Chemba, pale katriji inapokaa, zina urefu gani? Mihuri ya majaribio iliyo chini ya mitutu inasomekaje? Ukuta wa mtutu una unene gani? Na cheti unacho? Kwa Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti kinatangulia bunduki. Usitoe hata shilingi kabla.

Mlengaji_Lanet
Shikamoo mzee. Cheti kipo, Bodi ya Leseni nimeshamalizana nayo. Hayo mengine sikuangalia. Niliona tu ni safi sana.

Mama_Subukia
Chukua ya juu na chini, usijisumbue. Mimi nilianza na ya ubavu kwa ubavu ya baba yangu, nikahangaika nayo miaka minne. Macho yalikuwa yanaona upana wa mitutu miwili badala ya sahani. Nilipohamia ya juu na chini, mtutu wa chini ndio unaotangulia kufyatua, na kwa kuwa umelala karibu na mkono, bunduki inasukuma nyuma moja kwa moja, hairuki. Sahani ya pili unaikuta jicho bado liko mahali pake. Hiyo ya Njoro ni ya kupendeza, lakini unanunua ya kupiga sahani.

Mzee_wa_Rongai
Mama, nakuheshimu, lakini hapo sikubaliani nawe. Ya ubavu kwa ubavu iliyokukaa inakwenda yenyewe kwenye sahani. Shida ni kwamba nyingi zilitengenezewa mtu mwingine.

Ziwani_KSM
Kaka wa Lanet, hilo neno "safi sana" ndilo lililonifanya niandike. Nisome polepole.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua bunduki ya Kiingereza kwa muuzaji ambaye sitamtaja. Iling'aa kama kiatu cha bwana harusi. Jumapili ya kwanza nikapiga raundi ya skiti, sahani 25, kwa katriji za kawaida za milimita 70. Ziliingia bila tatizo. Kufika sahani ya kumi na tano shavu limevimba na kidole cha kati kina damu, kwa sababu kikingio cha triga kilikuwa kinakipiga kila nikifyatua. Nikajiambia labda ndivyo zilivyo za zamani.

Wiki ya tatu nikaona ufa kwenye kitako, nyuma tu ya chuma, mwembamba kama unywele. Nikaipeleka kwa fundi mwenye leseni. Alitoa ule ubao wa mbele, akashika mitutu na kitako, akatikisa. Ikagonga tik, tik. Akainua kuelekea dirishani na nikaona kwa macho yangu uzi wa mwanga ukipita mahali mitutu inapokutana na uso wa chuma. Kisha akapima chemba: milimita 65. Akanieleza kwamba ile 70 ya katriji ni urefu wa ganda likishafunguka. Ndiyo maana inaingia vizuri, lakini ukifyatua, mdomo wa ganda unafungukia kwenye koo la mtutu, njia inabana, na nguvu yote inarudi kwenye bawaba, kwenye mbao na begani kwako.

Halafu akapima ukuta wa mtutu wa kushoto. Sehemu moja ilikuwa chini kidogo ya nusu milimita. Aliyeikarabati alisugua kutu ndani na nje mpaka ikapendeza. Ule mng'aro niliokuwa nikiusifu ndio uliokula chuma. Sikuipiga tena. Pesa yangu haikurudi mpaka leo.

FundiKitale
Pole sana Ziwani. Kila mtu anayenunua bunduki ya zamani angesoma hiyo kwanza.

Lanet, rudi Njoro na uangalie hivi. Mihuri kwanza: herufi BNP chini ya taji ni majaribio ya Birmingham kwa baruti ya kisasa, kuanzia 1954. Ukiona 2½ (inchi) na tani 3 (za shinikizo), hizo ni chemba za milimita 65, utatumia katriji za 65 tu, na usipakie kamwe marisau ya chuma. Kisha ning'iniza mitutu peke yake kwa kidole, kupitia ndoano yake ya chini, uigonge na kifundo cha mkono mwingine. Ikilia kama kengele, solda iko imara. Ikitoa sauti ya sufuria iliyopasuka, utepe wa katikati, ule unaounganisha mitutu, umeachia. Upana wa ndani na unene wa ukuta, muachie fundi mwenye vifaa.

Mlengaji_Lanet
Nimerudi jana jioni. Ni BNP, 2½, tani 3. Imelia mpaka mbwa wao akaamka. Haichezi, na mwanga haupiti. Nimefurahi kweli. Jambo moja tu: nikiiweka begani, jicho langu linaona ubavu wa mtutu, haliangukii katikati. Labda ni kwa sababu natumia bega la kushoto.

Mama_Subukia
La kushoto! Na ulikuwa unangoja nini kulisema?

FundiKitale
Hilo linabadilisha hesabu. Kitako cha mtu wa mkono wa kulia kimepinda kidogo kwenda kulia ili jicho likae juu ya utepe. Kwako kinakutoa nje. Kinaweza kupindwa: unafunga shingo ya kitako kwa kitambaa, unaimwagia mafuta ya kitani ya moto hadi mbao ilegee, halafu unakaza jiliwa taratibu mpaka ihamie kushoto. Ni kazi ya fundi mwenye leseni na mkono mtulivu. Shingo ikikatika, ndiyo basi.

Mzee_wa_Rongai
Au achongewe kitako kipya cha mvule. Changu ni cha mvule na kimedumu.

FundiKitale
Mzee, mvule nyuzi zake zimefumana, patasi inang'oa badala ya kukata, hasa pale shingoni palipo pembamba. Mjozi una sababu ya kupendwa. Na mvule sijawahi kuupinda kwa mafuta ukakubali.

Mzee_wa_Rongai
Inategemea umekauka vipi. Wa kwangu ulikaa darini miaka sita.

Mama_Subukia
Tumehamia useremala sasa. Lanet, na ile ya Kisumu kitako chake kimenyooka au kimepinda?

Mlengaji_Lanet
Sijaenda kuiona bado. Familia imekubali kunisubiri hadi Jumanne, na wameniruhusu nimpelekee fundi mitutu ipimwe. Ikipita, nataka mlengaji mwenye cheti aipige kwenye karatasi kubwa, yadi 40, duara la inchi 30, nijue kila mtutu unatawanya vipi.

Ziwani_KSM
Uliza pia katriji za 65 utazitoa wapi. Mimi hilo ndilo lilinisumbua hata kabla ya ufa. Nilizunguka Kisumu na Eldoret yote nikakosa.

FundiKitale
Kitale hakuna. Kuna mtu Nakuru ameziona mwaka huu?