Naomba ushauri: mshipa mkuu wa mdogo wangu umetanuka, tumpeleke India kwa upasuaji?

Kaka Mkubwa: Wakuu, mdogo wangu wa kike ana miaka 27. Skani ya CT imeonyesha kuwa mshipa wake mkuu wa damu, yaani aota, umetanuka kifuani hadi sentimita 4.8, na daktari anasema chanzo ni mchochota wa mishipa mikubwa uitwao ugonjwa wa Takayasu. Tumeshalipia sehemu ya safari. Tuendelee?

Mama Mwambao: Pole sana, mwanangu. Shemeji yangu alipasukiwa na mshipa wa tumbo, ingawa yeye alikuwa mzee na mvutaji wa sigara. Apunguze chumvi, nanyi mzidishe dua.

Mkweli: Naitilia shaka simulizi hii. Binti wa umri huo mshipa utatanukaje?

Kaka Mkubwa: Muuguzi alipima presha mkono wa kulia akapata 148, wa kushoto 92. Alibadilisha mashine, majibu yakawa yale yale, kisha akashika kiwiko cha mkono wa kushoto akakosa mapigo.

Mkweli: Mtu mmoja hana presha mbili. Umetunga.

Tabibu wa Wilaya: Ndugu Mkweli, hiyo ndiyo dalili yenyewe. Mchochota hunenepesha ukuta wa mshipa uendao mkononi mpaka njia ikabana, na penginepo huudhoofisha ukuta ukatuna. Huwapata zaidi wanawake walio chini ya miaka 40. Kaka, kaswende na kifua kikuu vimepimwa? Anatumia dawa gani?

Kaka Mkubwa: Vyote hana. ESR, kile kipimo cha damu cha kuonyesha mchochota, ni 85, iko juu. Alianzishiwa prednisoloni, vidonge vya kutuliza mchochota.

Tabibu wa Wilaya: Bado anameza?

Kaka Mkubwa: Ameacha. Uso ulimjaa, na harusi yake imekaribia. Isitoshe, vidonge ni vya nini ikiwa mshipa wenyewe utabadilishwa?

Tabibu wa Wilaya: Ukuta wenye mchochota mkali haushiki mshono vizuri, unaweza kuachia na kutuna upya hapo hapo. Ndiyo maana, isipokuwa mshipa unapokaribia kupasuka, mchochota hutulizwa kwanza kwa prednisoloni pamoja na dawa kama methotreksati, ambayo mwanamke hapaswi kushika mimba akiwa anaitumia. Kuacha prednisoloni ghafla nako ni hatari, kwa kuwa mwili huwa umepunguza kutengeneza homoni yake. Mrudisheni kesho kwa daktari wake. Akishikwa na maumivu makali ya kifua au mgongo, msingoje kesho.

Kaka Mkubwa: Nauli hairudishwi, mkuu.

Tabibu wa Wilaya: Basi mwandikieni daktari wa upasuaji leo, mtajieni hiyo ESR na kwamba dawa ameacha, kisha mwulizeni kama tarehe bado ni ile ile.