Nimenunua gari la kifahari sifuri kilomita, leo kijana kaandika chanzo cha ubovu ni "GOBA"

Mzee wa Kinzudi

Wakuu, sina salamu ndefu. Naandika nikiwa kwenye bajaji na dereva ananichungulia kwenye kioo kwa sababu tangu Mwenge naongea peke yangu.

Gari lenyewe mnalijua. Silitaji, hela ya mawakili sina, hela yote iko kwenye gari. Ni lile lile, ukiliona Masaki unajua ndani kuna mtu ambaye hajawahi kuuliza bei ya nyanya. Nimelichukua jipya, nailoni za siti bado zipo, mama watoto kakataza zisitolewe mpaka shangazi yake aje kutoka Moshi azione.

Sasa leo asubuhi natoka nyumbani, nateremka ule mteremko wetu wenye makorongo, skrini ikawaka njano. Shokapu za hewa zina hitilafu, usizidi kilomita 50 kwa saa. Hamsini! Barabara yangu ukienda 20 meno yanahama. Kabla sijamaliza kusoma gari likashusha pumzi, pssssss, likalala nyuma kama ngamia anayepakiwa magunia. Pua juu, mkia chini, mimi ndani natazama mbinguni.

Nikalikokota hadi kwao walioniuzia. Pale mapokezi unapewa kahawa yenye povu na biskuti moja kwenye kitambaa. Kijana akaja, suruali imembana mpaka unajua sarafu mfukoni ni ya shilingi ngapi, kashika kishikwambi. Gari hajaligusa. HAJALIGUSA. Hajainama hata kuokota kalamu. Akaniuliza, "Bosi, unakaa wapi?"

Nikasema Goba.

Akasema, "Aaaah. Goba."

Halafu akaandika. Wakuu, akaandika! Nikanyoosha shingo nikachungulia. Kuna sehemu ya kujaza chanzo cha tatizo. Kijana kajaza herufi nne, zote kubwa: GOBA.

Kata nzima yenye shule, makanisa, misikiti, bucha na saluni imekuwa ubovu wa gari.

Mtasema nina chuki, kwa hiyo mazuri yake niyaseme. Mlango ukiurudisha nusu unamalizia kujifunga wenyewe, taratibu, kwa adabu. Siti zinakanda mgongo. Foleni ya Ubungo zilinikanda nikasinzia, nikaamshwa na honi za daladala na matusi ya konda. Ndani kimya kabisa, unasikia mawazo yako na mkopo wako.

Basi, yameisha. Droo ya mbele haina kitasa, inafunguliwa kwa skrini. Trafiki kanisimamisha Tegeta anataka leseni. Leseni iko ndani ya droo, ufunguo wa droo uko ndani ya skrini, na skrini imeamua kujizima na kujiwasha upya. Trafiki kasimama juani ananiangalia napapasa kioo. Mwisho kaniambia, "Mzee, nenda tu."

Breki zinajikamata zenyewe kikipita kitu mbele. Dar es Salaam hii, ya bodaboda! Gari linasujudu kutoka Mwenge mpaka nyumbani, mama mkwe kashuka na rozari mkononi kaapa atarudi kwa daladala. Usukani nao unanivuta, unataka nikae katikati ya mistari. Mistari ya Goba kwetu nani aliichora? Tairi ya akiba hakuna. Nimeinua zulia la buti nikakuta chupa ya gundi na kipampu. Rimu inchi 22, mpira wenyewe mwembamba, ukikanyaga kokoto unajua ilichimbwa machimbo gani.

Na kuna kitufe cha kuchagua ardhi. Kina matope, mchanga, mawe na theluji. Theluji, wakuu! Cha Goba hakuna.

Yote hayo nilishasamehe. Nisichosamehe ni ile "Aaaah". Haikuwa ya mshangao. Ilikuwa ndefu, imetulia, ya mtu aliyepata jibu la maswali yake yote bila kuinama chini ya gari. Tangazo lao wenyewe linaonyesha gari hili likivuka mto maji yamefika kwenye taa, dereva anatabasamu! Mto limevuka, Goba limeshindwa?

Nawasilisha.

Chumvi Nyingi

Uzi bila picha ni batili. Tuwekee picha likiwa limelala.

Dada wa Madale

Yaani maneno yote haya kutujulisha umenunua gari. Tumejua. Hongera. Ungeandika mstari mmoja tungekupongeza tukaendelea na maisha.

IST ya Mkopo

Mimi nakaa Goba Kulangwa, nina IST. Imebeba tofali, imebeba saruji, imebeba bendi ya kwaya na spika zake. Shokapu ya kulia ilianza kugonga, nikaongeza sauti ya redio, ikaacha.

Mzee wa Kinzudi

Mkuu sijauliza habari za IST. Nimesema kaandika GOBA. Kwa herufi kubwa.

Fundi Mstaafu Gerezani

Utani pembeni kidogo. Gari za aina hiyo hazina springi za chuma, zina mifuko ya mpira inayojazwa hewa na pampu ya umeme. Kuna sensa, yaani vipimio vya umeme, za kimo karibu na magurudumu, kila moja na kijimkono chake chembamba. Korongo likikipiga kile kijimkono kikapinda, au tope likagandia, kompyuta inadhani gari liko juu kuliko lilivyo, inaachia hewa. Hapo mifuko ni mizima kabisa, ila utauziwa mipya.

Kwa hiyo kabla hujasaini kitu mwambie akague sensa na valvu. Mfuko ukihisi umetoboka, pakaza maji ya sabuni uangalie mapovu. Kazi ya kopo na brashi, kishikwambi hakihusiki.

Kama ni dizeli, kuna jingine linakuja. Lile chujio la masizi kwenye ekzosti, tunaliita DPF, linajisafisha kwa kuyachoma masizi, na linahitaji joto la kutosha. Ukiishi kwenye foleni kwa mwendo wa kinyonga linaziba. Jumamosi moja moja kanyaga mpaka Chalinze urudi. Na AdBlue usiiache iishe, ikiisha ukizima gari haliwaki tena mpaka uongeze. Limewekwa hivyo makusudi.

Mzee wa Kinzudi

Asante sana fundi. Lakini unaona? Wewe umetaja sensa, valvu, mfuko. Yule kauliza ninapolala.

Guta la Matikiti

Samahani mkuu, wewe ndiye ulikuwa kona ya Kinzudi asubuhi, gari jeusi limekaa matako chini? Nilikupita na guta. Nikakupungia ukajifanya unaongea na simu.

Mzee wa Kinzudi

Nilikuwa naongea na simu kweli.

Guta la Matikiti

Simu ilikuwa juu ya boneti mkuu.

Chumvi Nyingi

😂😂😂 Guta wewe picha hukupiga?

Chanika Damu

Shukuru Mungu ulisema Goba. Mimi ningesema Chanika kijana angeita mlinzi.

Mkazi Halali

Sisi wa Goba tunataka haya maneno yanyooshwe. Goba ipi? Barabara ya Mbezi kwenda Goba ina lami, ya Makongo ina lami. Wewe umejenga bondeni kwa sababu kiwanja kilikuwa cha bei ya kutupa, mvua zikianza unavua samaki sebuleni, leo unatuchafulia kata nzima mpaka kwenye makaratasi ya gereji. Kijana angeandika "BONDENI KWA HUYU MZEE" ningemuunga mkono.

Mzee wa Kinzudi

Na wewe umehamia upande wake?! Mimi nimeitetea Goba pale mapokezi mpaka watu wakageuka! Nilimwambia kijana Goba ina hewa safi kuliko ofisi yenu!

Dada wa Madale

Kwa sauti ya namna gani?

Mzee wa Kinzudi

Ya kawaida tu.

Mpenda Hesabu

Tumsaidie jamaa ajue alichonunua. Ushuru wa forodha ni 25% ya thamani ya gari likifika bandarini. Juu yake ushuru wa bidhaa 10% kama injini inazidi cc 2000. Juu ya jumla hiyo VAT 18%. Zidisha 1.25 kwa 1.10 kwa 1.18, unapata 1.62. Yaani juu ya kila milioni 100 ya gari zinaongezeka milioni 62 za kodi, na tozo ndogo ndogo sijazigusa.

Kwa hiyo mkuu usihuzunike sana. Kule nyuma kulikolala ni kwa serikali. Kwako ni kuanzia siti ya dereva kwenda mbele, na huko umesema pua iko juu.

Harrier Tako la Nyani

Ndiyo maana wengine tumetulia na tako la nyani letu. Taa ya injini imewaka tangu siku nainunua, nimeibandika stika ya timu. Skrini haina, kwa hiyo habari mbaya zinanifikia kwa harufu tu.

Mzee wa Kinzudi

Hakuna hata mmoja wenu anayeizungumzia ile Aaaah.

Dada wa Madale

Aaaah.

Chanika Damu

Aaaah.

Chumvi Nyingi

Aaaah. Goba.

Mwanafunzi Mkongwe

Fundi samahani, hiyo AdBlue ni kitu gani? Naona madumu yake kwenye sheli sijawahi kuelewa.

Fundi Mstaafu Gerezani

Ni urea 32.5%, iliyobaki ni maji yaliyotolewa madini. Ina tangi lake, haichanganywi na dizeli. Inapuliziwa kwenye moshi, inapunguza zile gesi chafu za oksidi za nitrojeni. Ukiikosea ukaimimina kwenye tangi la mafuta, uza gari usiku huo huo.

Mkulima wa Kilosa

Urea hii hii ya mahindi? Nina mfuko na nusu stoo.

Fundi Mstaafu Gerezani

Ndugu yangu usithubutu. Ya shambani ina takataka zake, itaganda kwenye nozeli utanunua mfumo mzima.

Mkulima wa Kilosa

Kumbe magari ya matajiri yanakunywa mbolea yetu! Ndiyo maana dukani kila nikifika imeisha.

Mama Shamba Songea

Usinikumbushe. Nimejiandikisha kwenye ruzuku, namba ninayo, nafika kwa wakala anasema mzigo haujaja. Nageuka, duka la shemeji yake mlango wa pili mifuko imepangwa hadi darini, bei kamili. Nikamwambia hii si ile ile? Akasema mama hii ni tofauti, hii ipo.

IST ya Mkopo

"Hii ipo" 😂😂 Huyo ana undugu na kijana wa kishikwambi.

Mzee wa Kinzudi

Eeeh! Umeona! Tabia ni moja! Sasa yule wa kwangu kabla ya kuandika alinitazama viatu...

Mkulima wa Kilosa

Mama wa Songea, wewe unatumia urea peke yake? Mimi napandia mbolea ya DAP, urea naiweka mahindi yakifika magotini. Mwaka jana hata hivyo yalikuwa ya njano.

Mama Shamba Songea

Unafukia au unamwaga juu? Wengi mnamwaga juu ya udongo mkavu jua la saa sita halafu mnalaumu mbolea. Ule mfuko una nitrojeni 46%, ukiuacha wazi inapaa hewani. Subiri udongo uwe na unyevu, chimba kishimo pembeni ya shina, fukia.

Mkulima wa Kilosa

Vibarua ndio wanamwaga, mimi nikigeuka tu. Nikirudi wananiambia tumefukia bosi, punje zinaonekana kutoka barabarani.

Chanika Damu

Vibarua wa siku hizi msinitajie, nina wangu hapa wa kisima. Kachimba akafika kwenye mwamba, akapanda juu, akadai hela ya mwamba.

Mzee wa Kinzudi

Wakuu turudi kwenye mada tafadhali. Kesho kuna fomu ya kusaini, na ile GOBA bado imo. Nisaini nisisaini?

Mkazi Halali

Saini, halafu uhamie Madale.

Dada wa Madale

Asije huku. Makorongo yetu yametutosha.

Mama Shamba Songea

Kaka wa gari, huo mteremko wako una ukubwa gani? Ungetengeneza makingamaji usingekuwa na korongo wala shida ya hizo shokapu. Unachimba mfereji kukatisha mteremko, juu ya tuta unapanda majani ya tembo.

Mzee wa Kinzudi

Mama, ni barabara.

Mama Shamba Songea

Hata barabara.

Mkulima wa Kilosa

Majani ya tembo hapo umeongea, na ng'ombe wanapata kula. Mama mwaka huu mbegu gani? Ile fupi ya siku tisini iliniangusha, mvua zilikatika ikiwa inachanua.

Mwanafunzi Mkongwe

Nami niulize humu humu kabla watu hawajalala: kuna anayejua dawa ya viwavijeshi isiyodhuru kuku? Wanaokota wadudu shambani na sitaki niwapoteze.