Naombeni nyimbo za Kijapani za kutuliza moyo uliochoka

Kibarazani
Wakuu, habari za jioni. Namuuguza mama tangu mwaka jana. Mchana niko kazini, usiku niko macho kwa ajili yake, na ndugu wengine wako mbali. Sikuja kulalamika. Natafuta tu kitu cha kusikiliza kwenye daladala nikirudi nyumbani, kabla sijavaa ile sura ya kumwonyesha mgonjwa.

Bongo Fleva naipenda, ila maneno nayaelewa yote, na kila wimbo wa huzuni siku hizi ni wa mtu kaachwa. Za injili zinaniambia nitashinda, na kuna siku sina nguvu hata za kushinda. Juzi mdogo wangu alikuwa anaangalia ile katuni ya Kijapani, Spirited Away. Mwishoni akaimba mama mmoja, na kinubi tu. Sikuambulia neno hata moja lakini mabega yalishuka.

Naomba za namna hiyo: zina huzuni ndani yake lakini hazinizamishi. Makelele ya katuni za mapigano hapana. Na anayejua aniambie wimbo unasema nini, nisije nikawa natulizwa na tangazo la sabuni.

Dagaa Mchele
Pole kwa kuuguza, mkuu. Ila Kijapani tena? Zilipendwa zimekwisha nchi hii?

Msomi wa Sendai
Mwache bwana, kila mtu na dawa yake. Nilisoma huko, naweza kusaidia kidogo.

Huo wa kinubi unaitwa Itsumo Nando Demo, wa mwaka 2001. Anaimba Youmi Kimura, na muziki ni wake mwenyewe; maneno ni ya Wakako Kaku. Unasema, kwa kifupi, kwamba ulichokuwa unakitafuta mbali kimo humo humo ndani yako. Si sabuni, usiwe na wasiwasi.

Sasa kwa daladala mimi ningeanza na Ue o Muite Arukō wa Kyu Sakamoto, 1961. Mtu anatembea peke yake usiku, kichwa kakiinua juu ili machozi yasidondoke. Basi, wimbo mzima ni huo. Lakini sikiliza muziki wenyewe: unarukaruka, una mluzi, usipojua maneno utadhani kijana anatoka kulipwa mshahara. Huzuni iko kwenye maneno, miguu inaendelea kutembea. Ndicho unachokitafuta.

Aliyeandika maneno, Rokusuke Ei, alikuwa ametoka kwenye maandamano ya 1960 ya kupinga mkataba wa usalama kati ya Japani na Marekani. Mkataba ukapita, watu wakarudi majumbani wamenyong'onyea. Ila hakutaja siasa hata kidogo, ndiyo maana kila aliyechoka anaweza kuuvaa. Mwaka 1963 ulishika namba moja Marekani wiki tatu, umeimbwa Kijapani kitupu. Huko waliupachika jina Sukiyaki, ambacho ni chakula cha nyama na hakihusiani na lolote. Sakamoto alifariki kwenye ajali ya ndege ya Agosti 1985, ana miaka 43. Ukishajua hilo, ule mluzi unausikia vingine.

Fundi Redio
Nakubaliana na Msomi. Ongeza Nada Sōsō wa Rimi Natsukawa, 2001. Yeye anatoka kisiwa cha Ishigaki, kusini kabisa, Okinawa, na kundi la BEGIN lililotunga muziki ni la kisiwa hicho hicho. Utasikia sanshin, gambusi lao la nyuzi tatu lililowambwa ngozi ya nyoka. Maneno aliandika Ryoko Moriyama akimkumbuka kaka yake aliyefariki: mtu anafungua albamu ya picha za zamani na kumshukuru asiyekuwepo. Huu usiusikilize njiani. Konda atakuuliza nauli huna sauti.

Doto wa Pili
Na enka je, zile nyimbo zao za huzuni za mtindo wa kizamani? Tsugaru Kaikyō Fuyugeshiki ya Sayuri Ishikawa, 1977! Treni ya usiku kutoka Ueno, Tokyo, kufika Aomori kaskazini kuna theluji, mwanamke anapanda meli kwenda Hokkaido peke yake. Sauti inatetemeka mpaka unaona baridi.

Msomi wa Sendai
Doto, huo ni mkubwa, sibishi, ila kwa mtu anayekesha na mgonjwa utamzamisha pamoja na meli yenyewe. Kwa wakongwe ampate Hibari Misora, Kawa no Nagare no Yō ni. Ulitoka Januari 1989, maisha kama mto unaopinda na kuendelea. Juni mwaka huo huo akafariki, miaka 52. Hauna kilio hata kimoja ndani yake.

Binti Lulu
Mbona mnatoa za mababu tu? Kenshi Yonezu, Lemon, 2018. Aliutengeneza kipindi ambacho babu yake alifariki. Na Hikaru Utada, Hanataba o Kimi ni, 2016, alimwimbia mama yake aliyefariki 2013. Mzuri sanaaa.

Mama Zuhura
Lulu mwanangu, mwenzio kasema anamuuguza mama.

Binti Lulu
Jamani. Kibarazani, huo uache kabisa kwa sasa.

Mama Zuhura
Kibarazani mwanangu, mimi ni muuguzi, sijui Kijapani. Nyimbo sikiliza, lakini muziki hautakushikia zamu. Hao ndugu walio mbali wachange, apatikane mtu wa kukaa na mama hata usiku mmoja kwa wiki, ulale. Usiwaombe kwa kuzunguka. Taja siku na taja kiasi. Na ukiona umefika mahali chakula hakishuki na usingizi unakukimbia hata zamu si yako, uende ukaonane na daktari, wewe, si mama.

Kibarazani
Shikamoo mama. Nimekusikia, nitawaandikia leo kwenye kundi la familia.

Nimeanza na Sakamoto nikiwa foleni. Msomi, kitu kimoja: mbona tuni kama ninazijua? Hata huo wa mto nimehisi nilishawahi kuusikia utotoni, na haiwezekani.

Msomi wa Sendai
Nyimbo nyingi za kwao, hasa za shule na za zamani, zinatumia noti tano tu: do, re, mi, so, la. Ya nne na ya saba wanaziruka, na ngazi hiyo ya noti tano iko kwenye nyimbo za mataifa mengi, ndiyo maana sikio halishtuki. Auld Lang Syne ya Waskoti, ile ya mkesha wa mwaka mpya, Wajapani waliitia maneno yao tangu 1881 na kuiimba kwenye mahafali ya shule. Hata madukani jioni wanaipiga wakikaribia kufunga. Wageni tulikuwa tunasimama kusikiliza kwa hisia, kumbe tunafukuzwa.

Na kama utaongeza mmoja tu, basi Hana wa Saku, wa NHK, shirika la utangazaji la Japani, 2012, baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011. Maneno ni ya Shunji Iwai, muziki wa Yoko Kanno, wote wenyeji wa mkoa wa Miyagi. Wanaimba watu wengi kwa kupokezana. Pale Sendai, mji mkuu wa Miyagi, ukipigwa, watu wazima wanaacha walichokuwa wanafanya.

Fundi Redio
Ushauri wa kiufundi: pakua kabisa kwa WiFi ya kazini. Ukitegemea bando, tangazo la kamari litaingia katikati ya mluzi.

Dagaa Mchele
Haya, nimeusikiliza huo wa Sakamoto. Mara mbili. Ana mwingine?

Msomi wa Sendai
Miagete Goran Yoru no Hoshi o, 1963. Maneno ni ya Ei tena, muziki wa Taku Izumi. Nakili jina lote hivyo hivyo, ukikosea herufi utaletewa mapishi.