Mrejesho: Nyumba ya mtindo wa kikoloni, Massachusetts

Wakuu, niliuliza hapa namna ya kuifanya nyumba tunayojenga Massachusetts ifanane kweli na zile za New England (eneo la kaskazini-mashariki mwa Marekani, Massachusetts ikiwemo) za miaka ya 1700. Asanteni sana kwa michango.

Madirisha ndiyo yameibeba nyumba. Tumeweka ya vioo vidogo vidogo, 12 juu na 12 chini, maana enzi hizo kioo kikubwa kilikuwa adimu na ghali. Ya ghorofani yamepanda hadi karibu kugusa ukingo wa paa, kama nilivyoona Deerfield, mji wa Massachusetts wenye nyumba za enzi hizo. Shata nazo (vile vibao vya nje vya kufunika dirisha), kila moja ni nusu ya upana wa dirisha na ina bawaba, kwa hiyo zikifungwa zinaziba dirisha lote. Kontrakta alitaka zile nyembamba za kupigilia ukutani kama pambo tu. Nikakataa katakata! Nyumba inapoteza sura yote kwa kitu kidogo hicho.

Dohani ni ya matofali, nene, imesimama katikati ya paa. Zamani meko ya vyumba kadhaa yalitegemea dohani hiyo moja.

Imebaki rangi ya mlango wa mbele. Mke wangu anataka nyekundu iliyokolea, nami namuunga mkono.