Naomba ushauri: bastola ya chuma ya mtindo wa zamani, imara, kwa bajeti ndogo (niko Mbeya)

Mwanauyole

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Maombi yangu ya leseni ya bastola yapo hatua za mwisho, ni kwa ulinzi wa nyumbani na dukani. Nataka niingie duka la silaha nikijua ninachokitafuta. Nazipenda za mtindo wa zamani: chuma kitupu, nyundo inayoonekana nje, vishikio vya mbao. Za plastiki hapana. Jicho liko kwenye bastola ya umbo la 1911, kaliba (unene wa risasi) ya .45, ila ya Colt, kiwanda chake cha asili, sina ubavu nayo. Bajeti ni milioni nne, humo humo risasi na vifaa vya kusafishia.

Je, nichukue mpya ya bei nafuu ya Uturuki au Ufilipino, au nitafute iliyotumika ya jina kubwa? Naishi Uyole na kazi zangu nyingi ziko Tukuyu, kwa hiyo mvua na ukungu ndio maisha. Sijawahi kumiliki silaha, nielekezeni mpaka namna ya kukagua.

Loleza Juu

Mkuu, kabla ya kuchagua bastola chagua risasi. Utauziwa risasi za kaliba iliyo kwenye leseni yako tu. Ukijifunga na .45 halafu duka likawa linaleta 9 mm peke yake, utabaki na chuma kizuri cha kuweka kabatini. Piga simu madukani uulize kaliba gani wanayo sasa hivi, ipi huwa inakatika, na boksi la risasi 50 ni shilingi ngapi kwa kila moja. .45 huwa ghali kuliko 9 mm, madini tu yanatosha kueleza: kichwa cha kawaida cha .45 ni karibu gramu 15, cha 9 mm ni gramu 7.5 hadi 8.

Na habari njema kwako ni kwamba umbo la 1911 halikulazimishi .45. Viwanda vya Tisas na Girsan vya Uturuki na Armscor cha Ufilipino vyote vinazo 1911 za 9 mm. Teke lake ni dogo, na kwa hela ileile unapiga risasi nyingi zaidi uwanjani. Anayeanza anahitaji mazoezi kuliko anavyohitaji kaliba.

Msafiri wa Makambako

Naongezea hapo kwa Loleza Juu. 1911 ni kazi ya John Browning. Jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1911 baada ya majaribio ambayo bastola moja ilipigishwa risasi 6,000 bila kukwama, na ikawa silaha yao ya kawaida hadi 1985. Umbo lile sasa anatengeneza yeyote mwenye mashine, ndiyo maana zipo za bei zote.

Kwenye za bei nafuu angalia fremu kwanza, yaani kiunzi chenye mpini. Tisas wa Trabzon wanafua fremu na slaidi (sehemu ya juu inayokwenda nyuma na mbele). Armscor wa Marikina, ambao bastola zao huja kwa jina la Rock Island, fremu yao ni ya kumimina, chuma cha 4140. Kumimina kusikutishe, chuma hicho kikipitishwa kwenye moto vizuri kinadumu. Ubahili wa kiwanda huonekana kwenye vipande vidogo: sefti (kifunga usalama), ekstrakta (ndoano inayovuta ganda kutoka chemba), kizuizi cha slaidi (kipande chenye pini inayoshika slaidi kwenye fremu). Hivyo vinabadilishwa. Fremu ndiyo yenye namba iliyosajiliwa, ikipasuka umepoteza silaha.

Ila mimi kwa mtu wa kwanza, wa Mbeya, asiye na fundi wa silaha jirani, ningesema CZ 75 ya Kicheki kabla ya 1911. Ni chuma kitupu, nyundo iko nje, imeanza 1975 pale Uherský Brod, na ni 9 mm. Ekstrakta yake inasukumwa na springi ndogo iliyo pembeni, wakati ya 1911 ni ufito mmoja wa chuma ambao wenyewe ndio springi, ukilegea lazima fundi aukunje upya kwa kipimo. Udhaifu wa CZ unajulikana: kizuizi cha slaidi huvunjika kwenye bastola iliyopigwa sana, kwa hiyo agiza cha akiba siku ileile. Lingine, slaidi yake inakaa ndani ya fremu, sehemu ya kushika wakati wa kukoki ni nyembamba. Jaribu kuikoki ukiwa na mikono mikavu, halafu mikono yenye maji, maana asubuhi za Juni huku vidole havina nguvu.

Ukikutana na Browning Hi-Power ya FN wa Ubelgiji, ile ya 1935, risasi 13, usiipite bila kuiangalia. Girsan nao wanatengeneza nakala yake, MC P35. Triga ya Hi-Power ya zamani huwa nzito kwa sababu kuna kifaa kinachozuia isifyatue magazini (kisanduku cha risasi) ikiwa nje.

Kihesa Mlimani

Mwanauyole, ukaguzi ni huu, na ufanye mbele ya muuzaji. Nenda na tochi ndogo na risasi bandia mbili. Toa magazini, vuta slaidi, angalia chemba kwa macho kisha ingiza kidole. Rudia kila unapoipokea mkononi, hata kama muuzaji ameifanya sekunde hiyo mbele yako.

Anza na sefti za 1911. Koki, pandisha sefti ya kidole gumba, bonyeza triga kwa nguvu ya kawaida, achia. Shusha sefti bila kugusa triga. Nyundo ikianguka, rudisha mezani. Isipoanguka bado hujamaliza: sogeza sikio, vuta nyundo nyuma taratibu sana. Ukisikia mlio mdogo wa "tik", kile kipande kinachoshikilia nyundo kilisogea wakati ulipobonyeza, maana yake sefti haikukishika sawasawa. Kisha ishike bila kukandamiza sefti ya nyuma ya mpini, bonyeza triga. Isifyatue.

Halafu vuta slaidi nyuma kama milimita 6, bonyeza triga na uendelee kuibana, achia slaidi irudi. Nyundo ibaki juu. Achia triga, bonyeza tena, sasa ndipo ianguke. Bastola inayoshindwa hapa inaweza kufyatuka kabla slaidi haijafunga.

Mtutu: fungua, mulika kutoka upande wa chemba. Mifereji iwe na kingo kali. Ukiona kivuli cha duara kama pete sehemu moja ya mtutu, hapo mtutu umevimba. Kuna risasi ilikwama ndani na nyingine ikapigwa nyuma yake. Hata ikiwa inang'aa kama mpya, usinunue. Juu ya mtutu kuna matuta yanayoingia kwenye slaidi. Yakiwa yamebondeka au kingo zimekuwa mviringo, mtutu haufungi vizuri. Unganisha tena, slaidi ikiwa imefunga bonyeza mtutu kwa kidole gumba pale juu ya chemba. Usizame wala kucheza.

Fremu: futa mafuta kabisa, mulika kwa pembeni kuzunguka tundu la kizuizi cha slaidi na kwenye reli za juu yake. Ufa huonekana kama unywele mweusi ambao haufutiki.

Ekstrakta: slaidi ikiwa imetolewa, telezesha kitako cha risasi bandia kutoka chini kiingie chini ya ndoano ya ekstrakta, tikisa kidogo. Ibaki imeshikiliwa. Ikidondoka, imelegea. Kinachoilegeza ni ile tabia ya kudondosha risasi moja kwa mkono ndani ya chemba kisha kuachia slaidi ipige. Ekstrakta ya 1911 imetengenezwa ili kitako cha risasi kiteleze chini yake kikitoka kwenye magazini. Ukiilazimisha kuruka juu ya ukingo, inapinda au inamegeka.

Na usiachie slaidi ijipige kwenye chemba tupu wakati wa kukagua, unakula kingo za nyundo. Ndiyo kazi ya hizo risasi bandia.

Ukungu wa Tukuyu

Kwa hali ya hewa ya huku rangi ya chuma ni swali kubwa kuliko jina la kiwanda. Bluu ile nzuri ya kung'aa haina kinga yoyote ya maana dhidi ya kutu. Tukuyu mvua za Machi na Aprili inashika madoa kwa jasho la mkono tu. Ile ya kijivu isiyong'aa, ya fosfeti, ni bora kwa sababu ina vinyweleo vinavyoshika mafuta, lakini ikikaukiwa mafuta nayo inaota kutu. Chuma cha pua ndicho chenye nafuu zaidi kama bajeti inafika, ila hata chenyewe kikipuuzwa kinapata madoa.

Usiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi. Ngozi inafyonza unyevu na ina chumvi za kiwandani, utakuta kutu imechora umbo la mfuko. Ukitoka kwenye baridi ya nje ukaingia nyumba yenye moto wa mkaa, chuma kinatoa jasho. Iache dakika chache mahali salama mbele ya macho yako, ifute, pitisha kitambaa chenye mafuta, ndipo ufungie. Toa na vishikio vya mbao mara moja kwa mwezi wakati wa masika. Kutu ya chini ya mbao huionekani mpaka iwe imekula shimo.

Mafuta: ya injini ya kawaida, 5W-30, yanafanya kazi vizuri kwenye reli, tone moja kila upande. Ya cherehani yanafaa ila ni mepesi, yanakauka upesi. Ya kupikia marufuku, yanaganda kuwa gundi. WD-40 inafukuza maji na kulainisha uchafu, haikai kama kilainishi.

Mwanauyole

Nashukuru sana wakuu, hii ni elimu. Mawili zaidi. Rivolva ya .38 mnaionaje kwa bajeti hii? Na CZ 75 inakaaje nyumbani, nyundo juu au chini?

Njia ya Chunya

Rivolva ya .38 iliyotumika ni chaguo zuri kwa asiyetaka habari za magazini. Kagua hivi ikiwa tupu: koki taratibu sana kwa kila tundu, silinda ijifunge yenyewe kabla nyundo haijafika mwisho. Bana triga, nyundo ikiwa chini, jaribu kutikisa silinda kushoto na kulia, halafu mbele na nyuma. Mchezo wa mbele na nyuma unaoonekana kwa macho ni uchakavu. Nafasi kati ya silinda na mtutu iwe milimita 0.1 hadi 0.25, pima kwa geji ya mafundi wa magari. Ikizidi sana inatema gesi ya moto pembeni. Ukipata ya .357 Magnum inapiga .38 Special pia, ya .38 haipigi .357 kamwe.

CZ 75 B ya kawaida haina kitufe cha kushusha nyundo, utaishusha kwa kidole gumba huku umebana triga juu ya risasi iliyo chemba, na kwa mgeni hilo ni hatari. Tafuta CZ 75 BD, ina kitufe hicho. Bora zaidi kwa nyumba yenye watoto: chemba tupu, sanduku la chuma lililofungwa ukutani kwa bolti, risasi mahali pengine penye kufuli lake. Ukifanya mazoezi ya kufyatua bila risasi tumia risasi bandia, kwenye CZ kuna pini ndogo inayoshikilia pini ya kufyatulia isitoke, na hiyo ndiyo huvunjika.

Loleza Juu

Kwenye milioni nne yako usimalize yote kwenye bastola. Tenga karibu robo. Magazini tatu za kiwandani kwanza, maana 1911 inayokwama mara nyingi tatizo ni midomo ya magazini iliyotanuka au springi iliyochoka. Ziwekee alama 1, 2, 3; ikikwama utajua ni ipi. Kwa .45 chukua za risasi 7, hizo za 8 zinabana springi zaidi. Kisha springi ya kurudisha slaidi ya akiba, kwa 1911 ya .45 ya inchi 5 ni ya nguvu ya pauni 16, badilisha kila risasi 2,000 hadi 3,000. Ikilegea, slaidi inagonga fremu, na kwa za mtindo huu fremu nyingi hufa kwa springi iliyochoka. Maganda yakianza kurushwa mbali kuliko zamani, anza kuishuku.

Zinazobaki ni risasi. Piga angalau 200 uwanjani, zikiwemo zile utakazoweka nyumbani, kabla hujaitegemea.

Kihesa Mlimani

Kama ni ya kutumika kutoka kwa mtu, uhamisho wake upitie polisi, usiichukue mkononi "kwanza karatasi baadaye". Linganisha namba ya kwenye fremu na ya kwenye leseni yake herufi kwa herufi. Namba iliyokwaruzwa, au iliyogongwa upya ikiwa imepinda, usiulize hata bei.