Mashini za kesi: nani anapima sumu?

Butike_Katuba: Bandugu ba Lubumbashi, minaleta mashini za kesi, zile za kulipisha bakiliya mu duka, toka China, muuzaji anasema zinafuata RoHS, ile sheria ya Ulaya ya kupunguza sumu mu vyombo vya umeme, lakini karatasi ni ukurasa moja tu, na mukiliya wa Ubelgiji anataka ushahidi, nifanye je?

Fundi_Ruashi: Hiyo haitoshi, ndugu. Omba ripoti ya labo. Ulaya inaruhusu risasi (plomb) mpaka 0.1% na kadimiamu, metali ingine ya sumu, mpaka 0.01%, na banahesabu kila materiali peke yake, plastiki, waya, lehemu, hapana mashini nzima!

Mama_Kemia: XRF, ile mashini ya X-ray ya kupima shaba na kobalti huku kwetu, bakiirekebisha ipime plastiki itaonyesha risasi, lakini ftaleti za waya, zile dawa za kulainisha plastiki, haizione, hizo Ulaya inazikataza tangu 2019, zinataka labo ya kemia. Tafazali pima kweli, batoto banachoma hizo waya kutafuta shaba, njo banavuta moshi.