Mjadala: Manjano na shubiri kwa vidonda vya utumbo mpana, hospitali zetu ziyakubali?

Karafuu_Wete: Mamaangu mkubwa mwaka wa pili huu anatoka choo cha damu, utumbo mpana umevimba na kufanya vidonda ndani. Vidonge anameza, na juu yake anakunywa manjano na shubiri. Daktari kamwambia aache miti yote, hata kumuuliza anakunywa kiasi gani hakumuuliza. Jee, hospitali za Unguja na Pemba zisiwe na mtu anayezijua dawa za miti, akae na daktari?

Mlandege77: Hapana. Dawa za vijungu ni za watu wasiokwenda skuli.

Bi_Kangagani: Wee Mlandege, mie sikwenda skuli. Watoto saba nimewalea, na muarobaini uko uani kwangu hadi leo. Hilo neno lirudishe.

Forodhani_boi: Mlandege, muombe radhi bibi.

Mlandege77: Siombi. Mnataka kunifunza adabu, mimi naongelea roho za watu.

Muuguzi_Ng'ambo: Shikamoo bibi. Ngojeni kwanza. Japani walijaribu, matokeo yakatoka 2006. Wagonjwa 89 wenye vidonda hivyo, ugonjwa ukiwa umetulia; waliohesabiwa mwishoni ni 82. Waliopewa kukumini, kile kiini cha manjano, gramu 2 kwa siku kwa miezi 6, walirudiwa na ugonjwa wawili kati ya 43. Wasiopewa, wanane kati ya 39. Lakini wote walikuwa wanaendelea na vidonge vyao! Na unga wa manjano una kukumini kama gramu 3 tu katika 100. Kijiko kimoja kwenye maziwa hakifiki huko hata karibu.

Forodhani_boi: Kwa hiyo manjano yanafaa. Mlandege, unasikia?

Muuguzi_Ng'ambo: Sikusema hivyo, kaka. Soma tena.

Mlandege77: Ndugu yangu aliacha vidonge akashika shubiri. Wiki tatu. Aliharisha mpaka tukambeba kwa shuka kumtia garini. Nyie mnataka radhi.

Bi_Kangagani: Marahaba muuguzi. Mlandege, pole mwanangu, hilo ungelisema mwanzo. Lakini aliyemkamulia hakujua kazi. Jani la shubiri ukishalikata unalisimamisha bakulini, ule utomvu wa rangi ya manjano uchuruzike wote, una harufu kali na uchungu wa kukunja uso. Kisha unamenya ganda, ute mweupe unauosha na kuuosha mpaka ukiuonja hauna uchungu. Ule utomvu ndio unaoharisha.

Muuguzi_Ng'ambo: Bibi kasema kweli. Ndani ya utomvu ule mna aloini, ndiyo kemikali inayoharisha. Marekani 2002 waliziondoa madukani dawa za kulainisha choo zilizotengenezwa kwa shubiri. Mtu mwenye utumbo uliochubuka ukimpa ule, unamuongezea kuharisha juu ya kuharisha.

Mlandege77: Bibi, la skuli nimekosa, nisamehe. La shubiri sikubali, hata likioshwa mara mia.

Forodhani_boi: Na wanaouza shubiri kwenye chupa za maji sokoni Darajani, nani anawakagua? Hilo ndilo la kujadili.

Bi_Kangagani: Nimekusamehe. Karafuu, mama mkubwa anamenya ganda au anasaga jani zima?

Karafuu_Wete: Anatia kwenye blenda na ganda lake. Nampigia sasa hivi.